Fondyu Iliyokatika: Uchambuzi wa Kisa cha Jibini Iliyopikwa kwa Maji Badala ya Divai

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika nyumba ya kawaida, jioni moja ya mapumziko, mbele ya watu sita wenye njaa. Nilikuwa mmoja wao, na kwa sehemu kubwa ya jioni hiyo nilikuwa jikoni, kwa hiyo ninayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu, na kosa mojawapo ni langu mwenyewe. Majina, mahali na tarehe nimeviondoa. Aliyetualika nitamwita Mwenyeji, na yule ambaye kwa ajili yake mapishi yalibadilishwa nitamwita Mgeni.

Fondyu ni chakula cha Uswisi: jibini huyeyushwa pamoja na divai nyeupe ndani ya chungu kipana chenye mkono mmoja, chungu huwekwa katikati ya meza juu ya jiko dogo la spiriti, na kila mlaji huchovya kipande cha mkate alichokichoma kwenye uma mrefu. Viungo vyake havizidi vidole vya mikono miwili: kitunguu saumu cha kusugulia chungu, jibini, divai kavu, wanga wa mahindi, pilipili manga, kungumanga na, mwishoni, kikombe kidogo cha pombe kali ya cheri. Kwa mlaji mmoja huhesabiwa takriban gramu 200 za jibini na gramu 150 hadi 200 za mkate, na kwa gramu 800 za jibini hutiwa desilita 3 hadi 4 za divai. Uchache huo ndio unaowaponza wapishi wapya. Katika mchuzi wenye viungo kumi na vitano, kimoja kikikosekana huenda asijue mtu. Hapa kila kimoja kimepewa kazi, na kazi nyingine haionjwi kwa ulimi.

Mwenyeji alikuwa mpishi mzuri wa vyakula vingine, lakini fondyu alikuwa ameila mara moja tu, miaka mingi iliyopita, na hakuwahi kuipika. Aliazima chombo, akanunua jibini siku mbili kabla, akasoma maelekezo kadhaa yaliyopingana, na kutoka katika kila moja akachukua kile kilichomfaa.

Maamuzi yaliyofanywa kabla ya kuwasha moto

Maamuzi manne yalifanyika mapema, na yote yalikuwa na sababu zinazoeleweka. Nayataja pamoja na sababu zake kwa kuwa, nikiyahukumu kwa matokeo peke yake, nitakuwa simtendei haki aliyeyafanya.

La kwanza na kubwa lilikuwa kuondoa divai. Mgeni hanywi kileo kabisa, wala hali chakula kilichopikwa kwa kileo. Mmoja wa wageni wengine alidai kwamba kileo chote huruka na mvuke, na Mwenyeji alifanya vizuri kumkatalia. Fondyu haichemshwi kwa muda mrefu; divai hupata moto dakika chache tu kabla ya kufunikwa na jibini, na ile pombe ya cheri hutiwa mwisho kabisa, hivyo sehemu nzuri ya kileo hubaki chunguni. Kumwambia mtu kwamba kimekwisha ilhali hakijaisha ni kumlisha asichokikubali. Baada ya hapo Mwenyeji alijiuliza aweke nini mahali pa divai, akajibu: maji. Alikuwa amesoma kwamba katika jimbo la Fribourg, huko huko Uswisi, watu hupika fondyu kwa maji matupu bila tone la divai. Habari hiyo ni ya kweli. Jinsi ilivyompoteza nitaieleza katika uchambuzi.

La pili lilihusu jibini. Alipata gramu 600 za Gruyère, na kwa kuwa watu sita walihitaji kilo moja na gramu 200, alijazia gramu 600 za mozarela iliyokwisha kukunwa na kufungwa kwenye mfuko. Alijua mozarela huyeyuka vizuri juu ya piza, akaona itayeyuka vizuri pia ndani ya chungu.

La tatu lilikuwa chombo. Kile alichoazima kilikuwa sufuria ndogo ya chuma chembamba, ya aina inayotumika kukaangia vipande vya nyama mezani kwa mafuta ya moto. Aliyemwazima hakutofautisha, naye hakuwa na sababu ya kuuliza.

La nne lilikuwa wanga. Kwa mchanganyiko wote alipanga kijiko kimoja bapa cha mezani, yaani takriban gramu 8, kwa hofu kwamba ukizidi chakula kitakuwa na ladha ya unga. Mkate ulinunuliwa asubuhi ile ile, ukiwa laini na wa moto, na hilo hakuna aliyelihesabu kuwa uamuzi.

Yaliyotokea jikoni

Mwenyeji alisugua sufuria kwa punje ya kitunguu saumu iliyopasuliwa, akatia desilita 4 na nusu za maji, akayaacha yachemke. Kisha, kwa kuwa wageni walikuwa wamekwisha kuketi, alitia jibini yote aliyoipima kwa mikupuo miwili, akiwa ameinyunyizia ule wanga juu juu tu, akaanza kukoroga kwa kuzungusha mwiko upande mmoja.

Kwa dakika mbili tatu mambo yalionekana kwenda sawa. Jibini ililegea, ikang'aa, ikaanza kuvutika. Halafu, badala ya kuenea ndani ya maji, ikajikusanya. Kufikia dakika ya tano kulikuwa na vitu vitatu katika sufuria moja: chini donge zito lililoganda kwenye mwiko kama mpira, katikati maji meupe yenye ukungu, na juu matone ya mafuta ya manjano. Jibini ilikuwa imekatika.

Hapo ndipo nilipoitwa, na hapo ndipo nilipotoa ushauri mbaya. Nilidhani donge lile ni jibini ambayo haijayeyuka, nikasema moto uongezwe. Uliongezwa. Donge likakaza zaidi, mafuta yakaongezeka juu, na maji yakaanza kuchemka kulizunguka. Mwenyeji akapendekeza kuongeza jibini iliyokuwa imebaki kwenye mfuko ili kuufanya mchanganyiko uwe mzito, na kwa bahati nzuri alisita kabla ya kuimimina, kwa sababu kufikia wakati huo wote wawili tulikuwa tumekwisha kuogopa kugusa kitu.

Tuliondoa sufuria motoni. Dakika hizo mbili za kutofanya lolote naziona kuwa za thamani kuliko zote za jioni ile. Mwenyeji aliuliza divai ingekuwa inafanya nini hapa, na swali hilo, ambalo lilipaswa kuulizwa siku mbili kabla, lilitufikisha kwenye limau. Divai ni chachu. Maji si machachu. Tulikamua limau tukapata vijiko viwili vya mezani vya maji yake. Katika kikombe kingine tulikoroga vijiko vitatu vya wanga kwa maji baridi kidogo hadi ukawa kama maziwa. Sufuria ilirudishwa juu ya moto mdogo kabisa, maji ya limau yakatiwa kwanza, kisha wanga ukamiminwa kidogo kidogo huku Mwenyeji akipiga kwa kipigio cha mayai na mimi nikilikata donge kwa mwiko.

Ilichukua takriban dakika kumi, na kwa nusu yake hatukuona mabadiliko. Kisha donge likaanza kulegea pembezoni, maji yakapata rangi ya krimu, na yale matone ya mafuta yakapungua hadi yakabaki macho machache juu. Haikuwa fondyu nzuri. Ilikuwa na nyuzi ndefu zilizokataa kukatika, na chini ya nyuzi hizo uji laini uliokuwa na ladha ya kupendeza. Tukaipeleka mezani.

Yaliyotokea mezani

Mezani matatizo yalikuwa madogo lakini yalifuatana. Jiko la spiriti liliwashwa likiwa wazi kabisa, na chuma chembamba kilipitisha moto wote mahali pamoja, pale katikati. Baada ya robo saa harufu ya kuungua ilisikika, ilhali kingo za sufuria zilikuwa zimepoa kiasi kwamba jibini iliganda ubavuni. Moto ulipopunguzwa, mchanganyiko ukawa mzito; Mwenyeji akatia maji baridi kutoka kwenye jagi, na sehemu iliyopokea maji ikakatika tena. Safari hii alijua la kufanya: maji ya moto kidogo, tone la limau, na kukoroga kwa kuchora namba nane ili mwiko upite katikati na pembeni kwa zamu.

Mkate laini ulikatwa vipande vya sehemu ya ndani tu, visivyo na ganda, navyo viliteleza kwenye uma mmoja baada ya mwingine na kuzama. Waswisi wana desturi ya kumtoza faini ya mzaha mtu anayedondosha mkate, lakini meza nzima inapodondosha, mzaha huisha haraka.

Lipo tukio moja ambalo halikuhusu ladha. Spiriti ilipokaribia kwisha, mgeni mmoja alinyanyua chupa ili aongeze kwenye jiko lililokuwa bado na joto, akiamini limezimika kwa sababu hakuona mwali. Mwenyeji alimshika mkono. Mwali wa spiriti ni hafifu mno na katika chumba chenye mwanga huenda usionekane kabisa. Spiriti ikimiminwa juu yake, moto unaweza kupanda hadi ndani ya chupa iliyo mkononi. Jiko huzimwa kwa kifuniko chake, husubiriwa hadi lipoe kiasi cha kushikika, ndipo hujazwa, tena mbali na meza. Mengine yote katika kisa hiki yangeharibu chakula tu.

Matokeo

Wageni walikula na kushiba, kwa sehemu kubwa kwa msaada wa mkate na saladi. Takriban theluthi moja ya jibini ilibaki. Mgeni alikula bila wasiwasi, na hilo ndilo lililokuwa lengo la kuondoa divai, kwa hiyo siwezi kusema uamuzi ule ulishindwa katika kila upande. Ukoko wa chini, ambao katika fondyu iliyopikwa vizuri huwa mwembamba, wa rangi ya dhahabu, na hugombaniwa na walaji (Waswisi wanaozungumza Kifaransa huuita kwa neno lenye maana ya mtawa wa kike), ulikuwa mweusi na mchungu. Sufuria iliyoazimwa ililowekwa usiku kucha.

Uchambuzi: kazi ya divai

Mwenyeji aliihesabu divai kuwa kitu cha kutoa ladha, na ukiihesabu hivyo, kuiondoa ni kupoteza ladha tu. Ndani ya chungu, hata hivyo, divai ina kazi tatu: ni maji ya kuizimulia jibini, ni harufu, na ni asidi. Maji matupu yanachukua kazi ya kwanza, harufu inaweza kusamehewa, lakini asidi haikupata mrithi.

Jibini ni mafuta na maji yaliyonaswa ndani ya wavu wa protini, hasa kaseini, na nyuzi za wavu huo zimefungwa pamoja kwa kalsiamu. Ikipashwa moto, kwanza mafuta huyeyuka, na hilo hutokea mapema, kwenye joto lisilofikia lile la mwili wa binadamu. Wavu wenyewe hulegea baadaye. Kwa jibini ngumu kiasi kama Gruyère ni karibu nyuzi 65 za Selsiasi. Mafuta yakiwa yameyeyuka na protini zikiwa bado zimeshikana kwa kalsiamu, kinachotokea ni kile tulichokiona: protini zinajikunja na kubanana, zinakamua mafuta na maji nje, na zinabaki donge. Kuongeza moto kunazibana zaidi. Hii ndiyo sababu ushauri wangu ulikuwa kinyume cha dawa.

Asidi ya tartari iliyomo katika divai, na asidi ya sitriki iliyomo katika limau, hukamata kalsiamu na kuiondoa kwenye wavu. Protini zilizofunguliwa hutawanyika ndani ya maji na kuyazunguka matone ya mafuta badala ya kuyasukuma nje. Si fondyu peke yake inayotegemea jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1910, mjini Thun, Uswisi, Walter Gerber na Fritz Stettler waliyeyusha jibini ya Emmental kwa kutumia sitriti ya sodiamu, chumvi ya asidi ile ile ya limau, wakapata jibini iliyoyeyuka bila kukatika na inayoweza kuhifadhiwa. Jibini nyingi laini za viwandani za leo zimetokana na njia hiyo.

Kuna ushahidi wa zamani zaidi kwamba asidi ilitangulia kila kitu. Maelekezo ya kupika jibini kwa divai yaliyoandikwa Zürich mwaka 1699 yanataka jibini ikatwe au ikunwe, iyeyuke ndani ya divai na kuchovywa kwa mkate, na hayana wanga wowote. Wanga wa mahindi uliingia Uswisi mwaka 1905. Katika maelekezo yale, basi, divai na mkono wa mkorogaji vilibeba mzigo huo bila msaada wa wanga. Mwenyeji aliondoa kile kilichokuwa cha lazima tangu mwanzo, kisha akapunguza kile kilicholetwa baadaye kuwa msaidizi.

Na fondyu ya maji ya Fribourg? Fondyu ile hupikwa kwa jibini moja tu, Vacherin Fribourgeois, ambayo ni laini, yenye unyevu mwingi, na ambayo huyeyuka kwa joto dogo. Wapishi wake huiweka juu ya moto hafifu, hawairuhusu kuchemka kamwe, na huila ikiwa ya uvuguvugu kuliko fondyu nyingine. Maji hufaa pale kwa sababu jibini ile na joto lile havihitaji zaidi. Mwenyeji alichukua maji kutoka Fribourg akaiacha jibini na moto wake huko huko. Kosa hili nimeliona kwa wapishi wenye uzoefu mkubwa kuliko wake, na ni gumu kulinasa mapema kwa kuwa anayelifanya ana ushahidi wa kweli mkononi.

Uchambuzi: jibini, wanga na chombo

Mozarela iliongeza ugumu. Haikomazwi, kwa hiyo protini zake bado ni ndefu na nzima. Ndiyo maana huvutika nyuzi, sifa inayopendwa juu ya piza na inayochosha ndani ya chungu. Gruyère hukomazwa miezi 5 au zaidi, na katika muda huo vimeng'enya huzikatakata protini hizo vipande vifupi vinavyotawanyika kwa urahisi. Limau lililegeza kalsiamu katika jibini zote mbili, lakini halikuweza kuifanya mozarela kuwa jibini iliyokomaa, na nyuzi zile zilibaki hadi mwisho. Mchanganyiko unaojulikana zaidi Uswisi, ule wa nusu kwa nusu, huchanganya Gruyère na Vacherin Fribourgeois: moja inaleta ladha, nyingine inaleta ulaini. Palipokosekana Vacherin, Emmental ingefaa kuliko mozarela.

Kuhusu wanga, hofu ya Mwenyeji ilikuwa na msingi, ila kiasi kilikuwa kidogo mno. Wanga ukipata moto hufyonza maji, huvimba na kuyafanya mazito, na katika uzito huo protini hazikutani kirahisi na matone ya mafuta hayaungani. Watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zürich waliopima tabia ya fondyu katika maabara walichapisha mwaka 2019 kwamba inahitajika angalau gramu 3 za wanga kwa kila gramu 100 za fondyu ili isikatike kwa namna isiyoweza kurekebishwa. Mchanganyiko wetu ulikuwa na uzito wa takriban gramu 1,650, hivyo kwa kipimo hicho ulihitaji karibu gramu 50. Ulianza na 8. Mapishi mengi ya nyumbani hutumia pungufu ya kipimo cha maabara na bado hufaulu, lakini yana divai. Asiye na divai asibane wanga.

Namna ya kuutia ni muhimu kama kiasi chake. Wanga ulionyunyizwa juu ya jibini bila kuchanganywa ulikwenda kuganda mahali pamoja. Kuna njia mbili zinazokubalika: kuichanganya jibini iliyokunwa na wanga kwa mikono hadi kila uzi upate ungaunga, au kuukoroga wanga kwa maji baridi kwanza. Tulipoinusuru fondyu yetu tulitumia ya pili. Mozarela ya mfukoni ilikuwa pia imepakwa unga wa kuzuia vipande visishikane, na Mwenyeji alijiuliza kama huo usingetosha. Ni kidogo mno, na huwekwa kwa kazi nyingine.

Kutia jibini yote kwa pamoja ndani ya maji yanayochemka kulimaliza nafasi yoyote iliyokuwa imebaki. Jibini baridi nyingi hushusha joto ghafla, hulegea nje ikiwa bado ngumu ndani, na hushikamana kabla haijazimuliwa. Hutiwa gao kwa gao, na gao jingine husubiri hadi la kwanza lipotee.

Sufuria haikusababisha kukatika, ila iliharibu mlo. Chungu cha udongo au sufuria nzito ya chuma cha kusubu hupokea moto polepole, huusambaza na kuutunza, hivyo mwali mdogo unatosha. Chuma chembamba kinafaa kwa mafuta, kwa sababu mafuta huzunguka yenyewe na kusawazisha joto. Jibini haizunguki isipokuwa kwa mkono.

Yaliyofanikiwa

Kumkatalia aliyedai kwamba kileo huruka chote kulikuwa uamuzi sahihi, na ningeuweka juu ya kila jambo lililofuata. Kusimama badala ya kuendelea kuongeza vitu kuliokoa chakula. Jibini iliyokatika kwa kukosa asidi inaweza kurudi, lakini ikipikwa muda mrefu kwenye moto mkali protini hukaza kiasi kwamba hata limau haliwezi kuzifungua. Kutanguliza limau na kufuatisha wanga kulifaa pia, kwa maana wanga peke yake ungelifunika donge bila kulifungua.

Suala la vinywaji lilizua mjadala mrefu kuliko lilivyostahili. Mgeni mmoja alisisitiza kwamba fondyu lazima inywewe na divai au chai ya moto, kwani maji baridi huigandisha jibini tumboni. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 katika jarida la kitabibu la BMJ liliwapa watu 20 wenye afya fondyu pamoja na divai au chai nyeusi, na likaonyesha kwamba kileo ndicho kilichochelewesha chakula kutoka tumboni. Mwenyeji aliandaa chai. Ilifaa.

Jaribio la pili

Baada ya wiki mbili Mwenyeji alipika tena, akiwa amepunguza watu hadi wanne, na Mgeni alikuwa miongoni mwao. Nilikuwepo, safari hii bila ruhusa ya kushauri. Alitumia gramu 400 za Gruyère na gramu 400 za Emmental, zote akazikuna mwenyewe, akazichanganya kwa mikono na vijiko vitatu vya wanga, karibu gramu 24. Ni pungufu ya kipimo cha maabara, na nilinyamaza. Mahali pa divai alitia desilita 3 za maji na vijiko vitatu vya maji ya limau. Alikuwa amefikiria divai iliyoondolewa kileo, ambayo hubaki na uchachu wake na ingeleta harufu pia, lakini nyingi hubakiza kileo kidogo sana, na alipomuuliza Mgeni, jibu lilikuwa hapana. Kwamba aliuliza nakuona kuwa maendeleo makubwa kuliko yale ya jikoni.

Maji yalipashwa hadi yakaanza kutoa mvuke bila kuchemka, jibini ikatiwa gao kwa gao ndani ya sufuria nzito ya chuma cha kusubu, na kazi ikaisha kwa dakika kama kumi na mbili. Haikukatika. Ilikuwa chachu kidogo kuliko inavyopaswa, na kwa maoni yangu vijiko viwili na nusu vya limau vingetosha. Upungufu wa harufu ya divai ulisikika, ingawa kungumanga na kitunguu saumu, ambacho mara hii kilipondwa na kuachwa ndani, vilisaidia. Mkate ulikuwa wa jana, umekatwa kila kipande kikiwa na ganda upande mmoja, na uma ulipita kwenye sehemu laini ya ndani na kushikilia ganda. Vipande viwili tu vilizama, vyote vya mtu mmoja.

Mwali uliwekwa mdogo hadi mwisho. Jibini ilipobaki kidogo, Mwenyeji aliacha kukoroga, akausubiri ukoko ushike rangi, akaunyanyua kwa ncha ya kisu. Ulitoka mzima, akaukata mapande manne.